Hati ya Mashtaka ya Afande Ayamga

Mfumo wa kompyuta ulipofika kikosini kwetu, mimi ndiye niliyeuleta. Niliseme hilo mapema, maana kuna koplo mmoja anayezunguka akidai ni yeye. Yeye alibeba nyaya. Mimi, Sajenti Perpetua Ziem wa Nandom, nilikaa Accra wiki saba nikifundishwa, nikala kenkey, ule ugali wao wa mahindi yaliyochachushwa, hadi nikaanza kuiota, na nikatoka wa pili kati ya watu thelathini na wanne. Aliyenishinda alikuwa kapteni mwenye digrii, tena kwa alama mbili tu.

Kabla ya hapo kila ofisi ilikuwa na daftari lake na wivu wake. Ofisi ya utumishi ilijua nani yupo na nani yuko likizo, karakana ilijua lori lipi linatembea, stoo ilijua ina mahema mangapi, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu mpaka aandikiwe barua. Mfumo uliyakusanya yote mahali pamoja. Unauuliza: nikitaka kupeleka askari mia moja na sitini nje ya nchi kwa mwaka mzima, nina nini na ninapungukiwa nini? Unakujibu hata chai haijapoa.

Makao makuu yaliupenda sana. Mwaka ule yakatangaza kwamba kikosi cha kwenda kulinda amani kitachaguliwa kwa mfumo, si kwa kujuana wala kwa simu za mashemeji. Atakayefikisha asilimia tisini ya utayari ifikapo Ijumaa ya mwisho ya Mei, ndiye wa kufikiriwa. Sisi wa kaskazini tulikuwa na miaka tisa hatujapelekwa popote. Askari wa vikosi vya kusini wakikutana nasi kwenye michezo walituuliza kama mbuzi tunaowalinda hawajambo. Mkuu wetu wa kikosi, Luteni Kanali Amegashie, mtu wa Keta huko pwani, alikuwa akiusikia utani huo anacheka kwa meno tu.

Basi nikaingiza watu, nikaingiza magari, nikaingiza mafunzo. Kote tulikuwa vizuri. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho nikaingiza leja ya stoo, ukurasa kwa ukurasa, nikabonyeza, nikangoja. Sabini na moja.

Stoo ndiyo iliyotuangusha. Hatuna jenereta inayofanya kazi, mahema hayatoshi, betri za redio hazitoshi, machela mbili tu kwa watu mia na sitini. Nilikaa nikiitazama ile namba na hasira ikanipanda, kwa sababu nilijua ni uongo. Mfumo haukudanganya. Iliyodanganya ni leja, na leja ilikuwa ya Afisa Mteule Ayamga.

Nieleze kuhusu huyu mzee. Ayamga ni Mfrafra wa Bongo, mji mmoja wa huku kwetu kaskazini, mfupi, masikio makubwa, penseli haitoki sikioni. Juu ya kombati huvaa koti la kaki la stoo ambalo mkewe amelitia viraka mpaka halijulikani rangi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili jeshini, ishirini na sita kati ya hiyo katika stoo ileile, na tarehe thelathini Juni alikuwa anastaafu. Katika miaka yote hiyo hakuna mkaguzi aliyemkuta amepungukiwa hata kijiko. Rekodi yake ya nidhamu ilikuwa karatasi nyeupe. Kwa mtu wa namna hiyo kikosi chetu kina desturi moja: siku ya mwisho anapandishwa jukwaani, kikosi kizima kinapita mbele yake kwa gwaride, na mkuu wa kikosi ndiye anayeanza kumpigia saluti. Mwenye doa lolote kwenye rekodi hapati. Ayamga alikuwa ameshawaandikia ndugu zake Bongo waje kuona. Mkewe alikuwa ameshashona nguo.

Na mimi ni Mdagaaba, naye ni Mfrafra, kwa hiyo ni watani. Kwetu jambo hili halina mzaha, ingawa lenyewe ni mzaha mtupu. Namwita mtumwa wangu, ananiita mtumwa wake, tunagombania kichwa cha mbwa ambacho hakuna aliyekileta, na akifa, mimi au ndugu zangu tutakwenda matangani kwake, tutavaa nguo zake, tutatembea kama yeye na kuwaambia waombolezaji aibu zake zote, nao watacheka huku wanalia. Lililosemwa na mtani halichukiwi. Vyeo havihusiki hapo.

Nilimfuata stoo mchana uleule.

"Mtumwa wangu," akasema bila kuinua kichwa, "umeniletea chakula au umekuja kuiba?"

"Niibe nini? Mfumo unasema huna kitu. Hata jenereta huna."

"Mfumo haukosei. Leja ina jenereta moja, nayo imekufa."

"Na ile iliyowasha taa za zahanati mwezi wa kwanza, umeme ulipokatika siku nne?"

"Ile niliazima."

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Na matairi mawili ya lori la kwenda Bolga?"

"Hayo pia. Mungu ana magari mengi."

Nikaenda mpaka mwisho wa stoo, kwenye mlango mdogo wenye maandishi RANGI KUUKUU. Nikaugonga kwa ngumi. "Afande, hiki kikosi kimepakwa rangi mara moja tangu niajiriwe. Rangi gani hiyo inayohitaji kufuli mbili?"

Akaiweka penseli chini. Sikuwahi kumwona akiiweka chini.

"Funga mlango wa mbele," akasema.

Nikaufunga. Akakaa juu ya gunia la vyandarua, akanieleza kwa sauti ya chini, na utani ukaisha hapo. Alipokuwa koplo walikwenda mazoezini karibu na mpaka, mvua ikawakuta. Mahema yalikuwepo stoo, yanangoja saini ya mtu aliyekuwa harusini Kumasi. Wakalala matopeni siku tatu. Vijana wawili walishikwa na kifua, mmoja hakurudi. Ayamga ndiye aliyempelekea mama yake begi lake. Alipopewa stoo akaapa hatangoja saini ya mtu tena. Mazoezi yakiisha na vitu vikabaki, alivibakiza. Jenereta ikitupwa, aliiokota akaitengeneza kwa mikono yake, kila jioni, miezi. Hema likichanika, mkewe alilishona. Wala hakuuza hata kamba ya kiatu.

"Kwa nini hukuviandika?"

"Ungekuwa wewe ungeviandika? Kanuni unaijua. Kijiko kikipungua, umeiba. Kijiko kikizidi, umeficha. Zote mbili ni mashtaka. Kila mtunza stoo unayemwona anatabasamu, ana chumba kama hiki."

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa jambo. Mle ndani mlikuwa na asilimia tulizozikosa. Akiufungua ule mlango, kikosi kinakwenda. Akiufungua, anashtakiwa mwezi mmoja kabla ya kustaafu, na jukwaa, na ndugu wa Bongo, na nguo ya mkewe, vyote kwisha.

Nikasema jambo ambalo leo naona haya kulisimulia. "Afande, naweza kuviingiza kidogo kidogo. Leo betri, kesho mahema. Kana kwamba vimepokelewa wiki hii."

"Vimepokelewa kutoka wapi?"

"Nitatafuta pa kuandika."

"Na mfumo wako unaandika aliyeingiza ni nani?"

"Jina, saa na dakika."

"Unafutika?"

"Haufutiki."

Akasimama. "Basi toka stoo kwangu. Toka, Perpetua. Nimeficha vitu, sikuficha mtu. Hutaanza kazi yako kwa uongo kwa ajili ya gwaride langu."

Nilitoka. Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku ile, na jina lenyewe liliniuma kuliko matusi yake yote.

Jumanne akapita mbele yangu bila kunitania. Jumatano vilevile. Watu wakaanza kuuliza kama tumegombana, maana Mfrafra na Mdagaaba wakipita kimya kuna msiba. Mimi nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na mwenye kanuni, na nilimpenda yule mzee kuliko nilivyojua. Kumshtaki kwa mkuu wa kikosi nisingeweza. Kunyamaza nako, nikawatazama vijana mia na sitini waliofanya mazoezi tangu Januari wakibaki kulinda mbuzi, nisingeweza.

Alhamisi asubuhi, baada ya bendera kupandishwa, Luteni Kanali Amegashie akatuweka mstarini mbele ya stoo. Jua la Mei lilikuwa limeshaanza kuuma. Hakuzunguka.

"Tuko sabini na moja," akasema. "Kesho saa sita mchana makao makuu wanafunga. Nimeomba vifaa brigedi, hawana. Mmefanya kazi nzuri, na siwalaumu. Kama kuna mtu ana neno, aseme sasa."

Nikamtazama Ayamga. Alikuwa anatazama mbele kama askari anavyotakiwa. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa mlango wa stoo, maana gwaridani haruhusiwi kulivaa.

Sikupanga nililofanya. Niliomba ruhusa ya kusema, nikaenda mpaka mlangoni, nikalivaa koti. Nikachomeka kalamu sikioni. Nikakunja mgongo na magoti mpaka nikawa mfupi, nikaanza kutembea mwendo wake, ule wa kuburuta guu la kushoto na kunung'unika.

"Sajenti Ziem!" mkuu wa kikosi akapaza sauti. "Nini hiki?"

Sajenti meja, Mkasena anayejua mila, akamsogelea akamnong'oneza sikioni. Mkuu wa kikosi akabaki na kidole hewani. Nilichosikia ni maneno ya mwisho tu: "...kama matangani, afande. Ni mtani wake. Mwache."

"Mimi ni Ayamga wa Bongo!" nikasema kwa sauti ya pua. "Nimekufa leo asubuhi, baada ya kula kichwa cha mbwa cha Wadagaaba bila ruhusa!"

Kicheko kikapasuka mstarini.

"Ukija kwangu kuomba betri, nakwambia sina! Nakutukana wewe na ukoo wako! Halafu nakwambia urudi baada ya saa moja. Baada ya saa moja betri ipo! Imetoka wapi? Usiulize, mbwa wewe!"

Wakazidi kucheka, sasa wakicheka wanakumbuka. Mpishi mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Sufuria yangu!" Mwingine, "Blanketi, mwaka ule wa baridi!" Dereva akasema tairi. Muuguzi wa zahanati akasema taa. Kila mmoja alikuwa na saa yake moja. Nikawa nazunguka na lile koti, naburuta guu, na machozi yananitoka sijui saa ngapi yalianza.

"Mkaguzi akija," nikaendelea, "anahesabu vijiko vyangu, vimetimia! Anahesabu tena, vimetimia! Anaondoka ameinamisha kichwa! Mimi ni Ayamga, sijapungukiwa, na wala..."

Nikafika mbele ya mlango wa stoo, nikakwama. Neno lililofuata nililijua. Halikuwa langu kulisema. Utani una haki ya kuaibisha, lakini kumfunga mtu ni kitu kingine. Nikasimama pale na koti la mzee mwilini, kikosi kizima kinangoja mwisho wa kichekesho, nami sina mwisho.

"Ndivyo walivyo Wadagaaba," sauti ikatoka mstarini. "Wanakuja matangani, wanakunywa pombe yote, halafu wanasahau nusu ya maneno."

Alikuwa Ayamga. Akatoka mstarini kwa hatua za gwaride, akasimama mbele ya mkuu wa kikosi, akapiga saluti ambayo kruti angeweza kufundishiwa.

"Afande, mtumwa wangu amesahau sehemu moja. Nyuma ya stoo kuna chumba. Vilivyomo havimo katika leja. Nimeviweka mwenyewe, miaka ishirini na sita, na hakuna mwingine anayejua." Akatoa funguo mbili mfukoni.

Hakuna aliyecheka tena. Mkuu wa kikosi akazipokea zile funguo.

"Afisa Mteule, unaelewa kwamba nitalazimika kukushtaki?"

"Naelewa, afande. Lakini tuhesabu kwanza. Mfumo unafungwa kesho, mimi bado nipo mpaka mwisho wa Juni."

Tulihesabu siku ile nzima na Ijumaa asubuhi. Sijaona kitu kama kile chumba. Hakikuwa na vumbi. Kila hema lilikuwa na karatasi yake, tarehe ya kuingia, tarehe ya mwisho kukaguliwa. Jenereta tatu, zote zikawaka kwa mvuto wa kwanza wa kamba. Machela kumi na nne zilizokunjwa kwa usawa mmoja. Askari walipita na kitu kimoja kimoja mikononi, Ayamga akitaja, mimi nikiandika, na sehemu ya mfumo inayoitwa "vilivyopatikana" ikajaa kwa mara ya kwanza nchini, nadhani. Vitu mia nne na kumi na viwili. Saa tano na dakika ishirini nikabonyeza. Tisini na nne.

Vijana walimbeba juu juu. Aliwatukana wote mpaka wakamshusha.

Jumanne iliyofuata barua ya makao makuu ilikuwa imeshafika: sisi ndio. Siku hiyohiyo mkuu wa kikosi akaniita. Alikuwa amejaribu kila mlango, nalijua hilo kwa macho yake. Aliokoa alichoweza: hakuna kufungwa, hakuna kushushwa cheo, kiinua mgongo chake salama. Lakini onyo la maandishi lazima liingie kwenye rekodi, na anayeingiza rekodi ni mimi.

"Kwa hiyo gwaride...?" nikauliza.

"Kanuni ni kanuni, Sajenti." Akageukia dirishani. "Andika kwa ufupi. Usimwongezee mzigo."

Nikarudi ofisini, nikafungua ukurasa wa Ayamga. Miaka thelathini na miwili, na mahali pa makosa pameandikwa: hakuna. Mwishowe nikaandika: "Alihifadhi vitu kadhaa nje ya leja." Nikaona ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

"Kadhaa?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu, penseli sikioni, anasoma kwa kufinya macho.

"Kadhaa ndiyo nini? Katika stoo yangu umeona wapi kadhaa?"

"Afande, nataka ionekane ndogo."

"Nani amekwambia nataka ionekane ndogo? Futa."

"Afande..."

"Futa, Mdagaaba we. Andika ninavyokwambia. Jenereta, tatu, zilizotupwa na kutengenezwa na mtuhumiwa. Mahema, thelathini na nane, yaliyochanika na kushonwa na mke wa mtuhumiwa. Umeandika mke?"

"Mke sijaandika."

"Mwandike."

Alivuta kiti akakaa. Alinitajia vyote kwa kichwa, bila karatasi, tarehe na hali ya kila kimoja, mpaka mia nne na kumi na viwili, na sauti yake haikutetereka. Mimi ndiye niliyekuwa nikijifuta kamasi kwa mkono wa kombati. Ilipofika sehemu ya sababu ya kosa nikamtazama.

"Andika: ili askari wasingoje saini."

Nikaandika. Nikabonyeza kuhifadhi, na jina langu, saa na dakika vikakaa chini yake.

"Haufutiki?" akauliza.

"Haufutiki."

"Vizuri. Sasa nitolee nakala. Mbili."

Mashine ikatoa karatasi kumi na moja kwa kila nakala. Akazihesabu, akazinyoosha kingo kwenye meza, akazisoma kidogo hapa na kidogo pale. Uso wake ulibadilika mbele yangu, na nilichokiona si aibu.

"Leja zangu zote zinasema nilipokea na nikatoa," akasema. "Ndugu zangu Bongo wanajua nilikwenda jeshini kuhesabu vijiko. Hakuna karatasi hata moja duniani iliyowahi kusema nilichofanya." Akazigonga zile nakala kwa kidole. "Ila hii. Na ina mhuri wa kikosi."

Akakunja moja akaitia mfuko wa kifuani, upande wa nishani, akafunga kifungo. Nyingine akasema ni ya mkewe, kwa sababu jina lake limo.